Herman Hollerith, mtu aliyefundisha mashine kuhesabu watu

Kila mwisho wa mwezi, katika vituo vya afya vya Mulongwe na mitaa mingine ya mji wa Uvira, wauguzi hufungua daftari na kuanza kuhesabu mistari: wagonjwa wangapi wa malaria, watoto wangapi waliozaliwa, wangapi waliofika na kuhara kunakofanana na kipindupindu. Hesabu hizo hupelekwa kwenye ofisi ya eneo la afya, zinaingizwa katika kompyuta, kisha mtu aliye Bukavu ao Kinshasa anaweza kuzisoma bila kuona daftari lenyewe. Kazi hiyo ina jina: kuchakata data. Mtu wa kwanza kuifanya kwa mashine ya umeme, tena kwa nchi nzima, alikufa mwaka wa 1929, kabla ya kompyuta kuwepo. Aliitwa Herman Hollerith.

Jina lake halisikiki sana kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika. Lakini kila anayeandikishwa kwa kadi ya mchaguzi, kila anayetuma pesa kwa simu na kila mama ambaye mtoto wake ameandikwa katika daftari la chanjo, anapitia njia ambayo Hollerith aliifungua. Maisha yake yanasaidia kuelewa kuchakata data ni nini hasa, na pia kwa nini jambo hilo linaweza kuokoa watu ao kuwaumiza.

Data ni nini, na kuchakata ni nini

Data ni habari ndogo ndogo zilizoandikwa kila moja peke yake: umri wa mtu, mtaa wake, ugonjwa wake, tarehe aliyofika kituoni. Moja moja, hazisemi mengi. Daftari la kurasa 200 haliwezi kumwambia daktari mkuu kama kipindupindu kinapanda Mulongwe na kushuka Kalundu. Ili lijibu swali hilo, lazima mtu akusanye habari hizo, azigeuze kuwa alama zinazofanana, azitenge katika mafungu, azihesabu, azilinganishe, kisha atoe jibu ambalo mtu mwingine anaweza kulitumia. Hatua hizo zote pamoja ndizo zinazoitwa kuchakata data.

Kompyuta haikuzileta hatua hizo. Zilikuwepo tangu watawala wa zamani walipohesabu watu kwa ajili ya kodi na jeshi. Zilifanywa kwa mkono, kwa kalamu, kwa macho ya makarani. Shida ilikuwa muda: watu walipokuwa wengi, jibu lilichelewa mpaka likapoteza faida yake. Shida hiyo ndiyo iliyomkuta Hollerith akiwa kijana.

Mtoto wa wahamiaji

Herman Hollerith alizaliwa tarehe 29 mwezi wa 2 mwaka wa 1860, mjini Buffalo, katika jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wametoka Ujerumani, wakahamia Marekani baada ya misukosuko ya kisiasa ya mwaka wa 1848. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alikufa Herman akiwa bado mtoto, na mama akabaki na mzigo wa kulea. Inasimuliwa kwamba shuleni kijana huyo alishindwa na masomo ya kuandika maneno kwa usahihi, hata siku moja akatoroka darasa. Lakini kwa hesabu na ufundi alikuwa mwepesi. Akiwa na miaka 19 tu, mwaka wa 1879, alimaliza masomo ya uhandisi wa migodi katika chuo cha Columbia, mjini New York.

Hakwenda migodini. Mwalimu wake, profesa William Trowbridge, alikuwa na kazi katika sensa ya Marekani ya mwaka wa 1880, akamchukua kijana wake Washington. Hollerith alipewa kazi ya kukusanya takwimu za nguvu za mvuke na za maji zilizotumika viwandani. Huko ndiko alikoona kwa macho yake jinsi serikali kubwa inavyoweza kuzama ndani ya karatasi zake.

Marekani wakati huo ilikuwa na watu karibu milioni 50. Katiba yake inaamuru wakaaji wahesabiwe kila baada ya miaka 10, kwa sababu viti vya bunge hugawanywa kwa majimbo kulingana na idadi yao. Makarani walichukua fomu, wakachora mistari midogo katika majedwali, wakahesabu mistari, wakaanza tena kwa kila swali jipya. Aliyetaka kujua wanawake wajane ni wangapi alipaswa kupitia fomu zote. Aliyetaka kujua wajane waliozaliwa ng'ambo alipaswa kuzipitia tena. Kazi ya sensa hiyo ilichukua zaidi ya miaka saba. Watu waliendelea kuzaliwa na kuhamia, na kila mtu ofisini alijua kwamba sensa ya 1890 ingekuwa nzito zaidi.

Wazo la mganga

Wazo lililobadilisha maisha ya Hollerith lilitoka kwa mganga. Daktari John Shaw Billings ndiye aliyesimamia takwimu za vizazi na vifo katika sensa hiyo. Katika mazungumzo na kijana Hollerith, alisema kwamba kazi ile ya kuchora na kuhesabu mistari ingefaa kufanywa na mashine. Daktari hakutaka kuijenga yeye mwenyewe. Hollerith aliitaka, na baadaye hakuficha kwamba mbegu ilitoka kwa Billings.

Mwaka wa 1882 alikwenda kufundisha katika chuo cha MIT, mjini Boston, na huko akaanza majaribio. Kufundisha hakukumpendeza. Alirudi Washington, akafanya kazi kwa muda katika ofisi ya serikali inayolinda uvumbuzi, akajifunza jinsi mvumbuzi anavyolinda mali yake. Mwaka wa 1884 aliacha mshahara huo akaweka ombi lake la kwanza.

Jaribio la mwanzo lilikuwa ukanda mrefu wa karatasi wenye matundu. Kila tundu lilikuwa na maana: mwanaume ao mwanamke, mzaliwa wa nchi ao mgeni. Lakini ukanda ulikuwa na kasoro kubwa: mtu akitaka habari ya mkaaji mmoja, ilibidi ukanda wote uzungushwe mpaka apatikane, na hakuna aliyeweza kupanga watu upya. Hollerith aliukata wazo hilo vipande: kila mtu awe na kadi yake.

Msukumo wa kadi, kama alivyoeleza baadaye, ulitoka kwenye treni. Makondakta wa zamani walikuwa wakitoboa tiketi mahali maalum kuonyesha sura ya abiria, kama nywele zake ni nyeupe ao nyeusi, ili tiketi isitumiwe na mtu mwingine. Kabla ya hapo, tangu mwanzo wa miaka ya 1800, Mfaransa Joseph Marie Jacquard alikuwa ametumia kadi zenye matundu kuongoza mitambo ya kufuma vitambaa vya maua. Kadi ya Jacquard iliiambia mashine cha kufanya. Kadi ya Hollerith ilifanya jambo jingine: ilieleza mtu ni nani.

Mashine ilivyofanya kazi

Karani alisoma fomu ya mkaaji, kisha akatoboa kadi ya karatasi ngumu. Kwa sensa ya 1890, kadi ilikuwa na nafasi 288 za matundu. Kadi hiyo iliwekwa chini ya kifaa chenye vijiti vingi vya chuma. Karani aliposhusha mkono wa kifaa, vijiti vilivyokuta karatasi vilisimama. Vilivyokuta tundu vilipita mpaka kwenye vikombe vidogo vya zebaki, chuma cha majimaji kinachopitisha umeme. Umeme ulipita, na mshale kwenye uso mfano wa saa ukasogea hatua moja. Kengele ililia kuonyesha kadi imesomwa vizuri. Wakati huohuo, mfuniko wa sanduku moja ulifunguka wenyewe ili karani aiweke kadi katika fungu lake.

Hapo ndipo uvumbuzi ulipo. Kadi ikishatobolewa mara moja, inaweza kuulizwa maswali mengi. Unaweza kutenga wanawake wote, kisha katika hao kutenga wajane, kisha wajane wa umri fulani, bila kurudi kwenye fomu. Nyaya zikiunganishwa vizuri, mashine iliweza kuhesabu mambo mawili yanapokutana kwa mtu mmoja, kwa mfano mwanaume ambaye pia ni mkulima. Leo kompyuta inafanya hivyohivyo inapotafuta majina yaliyoandikwa mara mbili katika orodha ya wachaguzi.

Jaribio la kwanza la kweli lilihusu vifo. Mji wa Baltimore ulitumia mfumo wake mnamo 1886 na 1887 kuchakata takwimu za wafu na magonjwa. Hollerith mwenyewe alitoboa kadi nyingi kwa kifaa kidogo cha mkononi, mpaka mkono ukamuuma sana. Maumivu hayo yalimfanya abuni kifaa bora cha kutoboa.

Tarehe 8 mwezi wa 1 mwaka wa 1889 alipewa hati za kulinda uvumbuzi wake. Wakati huo ofisi ya sensa ilikuwa imeandaa shindano kati ya njia tatu, kwa kutumia fomu za zamani za sehemu ya mji wa St. Louis. Kuhamisha habari za fomu, Hollerith alitumia masaa 72 na nusu. Washindani wake walitumia masaa 100 na nusu na masaa 144 na nusu. Katika kutenga na kuhesabu tofauti ilikuwa kubwa zaidi: yeye masaa matano na nusu, wengine masaa 44 na nusu na masaa 55 na nusu. Alipewa kazi.

Sensa ya 1890

Mwezi wa 6 mwaka wa 1890 wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba. Hesabu ya jumla ya wakaaji ilijulikana baada ya wiki sita hivi: watu karibu milioni 63. Wamarekani wengi hawakufurahi. Walitarajia idadi kubwa zaidi, na miji kama New York ililalamika kwamba watu wake wamesahauliwa. Wengine waliitilia shaka mashine. Mashine ilihesabu kilichoandikwa kwenye fomu. Kama mhesabuji hakubisha mlango fulani, hakuna umeme ungeweza kumwona aliyekuwa ndani.

Kisha makarani, wengi wao wanawake, walianza kuchakata kadi, moja kwa kila mkaaji. Ingawa watu walikuwa wengi kuliko 1880 na maswali yaliongezeka, kazi ilikwisha kwa muda mfupi zaidi na iliokoa mamilioni ya dola. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wafanyakazi walipochoka, walinyonya zebaki kidogo kutoka kwenye vikombe ili mashine isimame na wao wapumzike mpaka fundi afike.

Mwaka huohuo Columbia ilimpa Hollerith shahada ya udaktari kwa kazi hiyo, na mwezi wa 9 akamwoa Lucia Talcott. Walizaa watoto sita. Nchi nyingine, kama Austria na baadaye Urusi kwa sensa yake ya 1897, zilitumia mashine zake.

Tajiri mgumu

Sensa ina shida moja kwa mfanyabiashara: ikiisha, mashine zinakaa bure kwa miaka mingi. Hollerith hakuuza mashine zake, alizikodisha, na sensa ilipokwisha zilirudi mikononi mwake. Alitafuta kazi kwenye kampuni ya reli ya New York Central, iliyokuwa na mamilioni ya karatasi za mizigo kila mwaka. Jaribio la kwanza lilishindikana. Aliijenga upya mashine ili isihesabu kadi tu, bali ijumlishe pia namba zilizotobolewa juu yake, kama uzito na bei. Kampuni ikakubali. Mwaka wa 1896 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Tabulating Machine Company.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Kuanzia hapo, kuchakata data hakukuwa tena kazi ya serikali ya kila miaka 10. Kulikuwa kazi ya kila siku ya reli, maduka na viwanda: nani anadaiwa, mzigo gani uko wapi, bidhaa gani imeisha.

Lakini Hollerith alikuwa mtu mkali, asiyependa kubishiwa. Alisimamia kila jambo mwenyewe na alitoza bei ya juu, kwa sababu hakuwa na mshindani. Sensa ya 1900 ilitumia tena mashine zake. Mkuu mpya wa ofisi ya sensa, Simon North, aliona serikali inabanwa na mtu mmoja. Kunako 1905 walikosana kabisa, mashine zikaondolewa. Ofisi ilianza kutengeneza zake, ikisaidiwa na fundi James Powers, na sensa ya 1910 ilifanywa bila Hollerith. Alikwenda mahakamani kuizuia, hakufaulu. Powers naye alianzisha kampuni, na Hollerith akapata mshindani aliyezaliwa kutokana na ugomvi wake mwenyewe.

Mwaka wa 1911, afya yake ikiwa imeanza kudhoofika, aliuza kampuni yake akapata zaidi ya dola milioni moja. Iliunganishwa na nyingine, na mwaka wa 1914 meneja Thomas Watson alikuja kuiongoza. Mwaka wa 1924 ilibadilishwa jina ikaitwa IBM, kampuni iliyokuja kutawala biashara ya kompyuta duniani. Hollerith alibaki mshauri kwa muda, kisha akajishughulisha na shamba, ng'ombe na mashua. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo mjini Washington tarehe 17 mwezi wa 11 mwaka wa 1929, akiwa na miaka 69.

Kivuli kilichobaki

Kadi zake zilidumu miaka mingi baada yake. Kompyuta za kwanza kubwa zililishwa data kwa kadi za matundu, na hali hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1970 na zaidi.

Miaka minne baada ya kifo chake, utawala wa Hitler ulifanya sensa Ujerumani, na tawi la IBM nchini humo lilichakata kadi za jimbo kubwa la Prussia. Fomu iliuliza dini. Katika sensa ya 1939 waliuliza pia kama babu na bibi wa mtu walikuwa Wayahudi. Wanahistoria bado wanajadili ni kwa kiasi gani kadi hizo zilitumika kuwatafuta watu waliopelekwa kuuawa. Lakini hakuna anayebisha kwamba swali dogo kwenye fomu, likishapewa tundu lake kwenye kadi, linaweza kuwatenga watu kwa haraka ambayo hakuna karani angeifikia. Kwa wakaaji wa Kivu, ambako watu wameuawa kwa sababu ya jina ao kabila, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Kwa Kongo, hadithi ya Hollerith ina uzito wa pekee. Sensa ya mwisho ya wakaaji wote ilifanyika mwaka wa 1984, nchi ikiitwa Zaire, na ilipata watu zaidi ya milioni 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo amepita miaka 40. Leo makadirio yanazidi milioni 100, lakini ni makadirio: namba za zamani zinazozidishwa mwaka baada ya mwaka. Dawa za chanjo, madarasa na mabomba ya maji hupangwa juu ya namba hizo. Mto Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilipofurika mwezi wa 4 mwaka wa 2020, ikaua watu makumi na kubomoa maelfu ya nyumba, misaada ilitegemea orodha za familia, na anayekosekana kwenye orodha ni vigumu kufikiwa.

Mashine si kizuizi tena. Simu moja ya mkononi ina nguvu kupita mashine zote za sensa ya 1890 kwa pamoja. Wizara ya afya inatumia programu ya DHIS2, iliyoanzishwa katika chuo kikuu cha Oslo, kukusanya hesabu za vituo vya afya. CENI iliandikisha wachaguzi karibu milioni 44 kwa uchaguzi wa 2023. Sheria ya mambo ya kidijitali ya mwezi wa 3 mwaka wa 2023 ina sehemu inayolinda data za raia.

Kinachobaki kigumu ni kilekile kilichomshinda hata Hollerith na umeme wake. Lazima mtu afike kwenye kila mlango, aulize swali linalofaa, aandike jibu la kweli. Na lazima raia ajue ni nani atakayeishika kadi yake baadaye, na kwa kazi gani.